Kompyuta Niliyoipima kwa Futi

Kaka yangu alikuwa anaongea na watu wa mbali saa tatu mfululizo, na mimi, dada yake wa tumbo moja, ananipa dakika tano. Hilo ndilo lililoniingiza kwenye mambo ya kompyuta. Si kwamba napenda michezo. Mimi ni fundi wa kushona hapa Kindu, kazi yangu iko mtaa wa Mikelenge, na mchezo wa mwisho niliocheza kwa moyo wangu wote ulikuwa wa kuruka kamba.

Wifi yangu ndiye aliyenitobolea siri. Yeye na kaka wanaishi Ulaya, nchi moja ya baridi, miaka mingi sasa. Siku hiyo nilimpigia nikilalamika: yaya, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, akinipigia anauliza afya, anauliza mvua, anasema, "Basi, mudogo, tutaongea," halafu simu imekatika. Nimemkosea nini? Wifi akaniambia kwamba kila Jumapili mume wake anakaa mbele ya kompyuta, anacheza na wenzake walio nchi mbalimbali, na wanaongea humo humo ndani ya mchezo. "Anacheka mpaka majirani wanagonga ukuta," akasema. Tangu mama yetu afariki, sijamsikia kaka yangu akicheka. Niliona wivu, nasema ukweli, wivu wa kitoto kabisa, na nikamwambia wifi: mchezo huo na mimi naingia, ila usimwambie.

Akaniambia simu haitoshi. Ile kompyuta ndogo ya kuandikia barua nayo haitoshi. Inatakiwa kompyuta yenye nguvu, yenye kadi ya picha ndani yake. Nilizunguka maduka ya mjini, wakanionyesha za kuandikia barua. Kuagiza nzima kutoka mbali niliogopa, maana sanduku kubwa kwenye ndege linafika limebondeka, au halifiki. Kipande kimoja kimoja kwenye mifuko ya wasafiri kinapita bila mtu kugeuza shingo. Basi nikaamua kuiunda mwenyewe.

Mtanicheka, lakini wazo hilo halikutoka hewani. Vita vya zamani vilinikuta nina miaka minne, na hata vilipokwisha mji ulikaa muda mrefu bila treni wala bidhaa. Chumvi, sabuni, nyuzi, vyote vilifika juu ya baiskeli zilizosukumwa na wanaume waliotembea porini wiki nzima nzima. Aliyesafiri alibeba haja za mtaa mzima. Mama, aliyenifundisha kushona, alikuwa akiagiza sindano ya cherehani na kuletewa ya namna nyingine. Alishukuru, akaihangaikia mpaka ikashona. "Kitu cha musafiri hakirudishwe," alikuwa akisema. "Mutu amelala na mvua kwa ajili yako, wewe utamwambia apana hii?" Cherehani yake yenyewe ilikuwa na kichwa kutoka kwa maiti ya cherehani moja, meza kutoka kwa nyingine, na gurudumu la tatu, na ilishona sare za shule za watoto wengi wa hapa. Kwa hiyo mimi nilijiambia: vipande ni vipande.

Karibu na soko kulikuwa na fundi wa simu na kompyuta, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, mtu wa kanisa, mpole kupita kiasi. Nilimweleza ninachotaka. Akachukua karatasi akaandika majina yenye herufi na tarakimu zilizochanganyikana kama namba za magari. Nikamuuliza tuanzie wapi.

"Mama, unachagua kwanza prosesa. Hiyo njo akili yake. Kisha kartimeri, ule ubao wenye kubeba vitu vyote, inafuata prosesa."

"Sawa. Tuanze na prosesa."

"Ao unaanza na kartimeri, prosesa inafuata."

"Sasa nani anamfuata mwenzake?"

"Zinafuatana," akasema, na hakuwa anatania.

Alinieleza mara tatu. Mara ya kwanza sikuelewa kitu. Mara ya pili nilielewa kidogo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu nilianza kuuliza maswali. Memori ni nini, na kama ni ya kukumbuka, mbona kuna kitu kingine cha kuhifadhi? Kadi ya picha ina kazi gani wakati kioo tayari kinaonyesha picha? Kwa nini kila kitu kina feni yake? Fundi alijibu yote kwa upole, na kila jibu lilizaa mtoto. Nilirudi nyumbani kichwa kinawaka, nikakata mikono miwili ya kushoto kwenye blauzi ya mteja.

Jambo moja tu nililielewa siku hiyo hiyo, nalo ni umeme. Juu ya bati langu kuna sahani mbili za jua na chini kuna betri mbili, na mtu yeyote wa Kindu anajua kupigia hesabu jua lake. Kadi za picha alizozitaja wifi zingemaliza betri zangu kabla mchezo haujafunguka. Tukachagua moja ndogo, ya zamani, iliyotoka kwenye kompyuta ya mtu. Fundi aliiuza kwa aibu, mimi niliinunua kwa furaha.

Kartimeri ililetwa na jirani yangu muuza vitenge, kutoka Goma. Ilikuwa ndege yake ya mwisho. Vita vilirudi upande ule, ndege za Goma zikakatika, na fundi wangu, aliyekuwa amekwenda kwao kwa msiba, akakwama huko huko. Alikuwa na ile karatasi ya majina mfukoni mwake, na simu yake haikupatikana majuma kadhaa. Nikabaki na ubao mmoja mezani, katikati yake kitanda cha mraba ambamo prosesa hulala, na pembeni mifereji miwili mirefu ya memori. Baba yangu mdogo alikuwa anaondoka keshokutwa kwenda Kinshasa kwenye harusi. Sikuwa na jina la kipande la kumwandikia, na msafiri mwingine sikumjua.

Nikachukua futi yangu ya kupimia nguo.

Sasa mnaweza kucheka. Lakini mteja akikuletea koti bila kifungo, unafanya nini? Unapima tundu. Nilipima kile kitanda cha prosesa, urefu na upana, milimita kwa milimita. Nikapima mfereji wa memori. Nikakata vielelezo viwili vya karatasi ngumu, safi, kama vya kola ya shati, nikaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: PROSESA na MEMORI. Nikampa baba mdogo nikamwambia, "Baba, kile kitakacholingana na karatasi, lete." Akaviweka ndani ya kitabu chake cha dua ili visikunjike.

Alirudi baada ya wiki tatu amejaa fahari. "Hii njo ile ile, mama," akaniambia. "Nimeipima mbele ya muuzaji. Alinishangaa sana." Nikamshukuru kwa magoti, nikampikia kuku.

Alipoondoka nikafungua. Prosesa ilikuwa na kipimo changu kabisa, hata unyuzi haukuzidi. Niliilaza kitandani mwake, ikagoma. Ina vipengo viwili vilivyokatwa kwenye kingo, na kitanda kina vinundu viwili vya kuingia humo, lakini vinundu viko hapa na vipengo viko pale. Nikaigeuza. Nikaigeuza tena. Memori nayo urefu sawasawa, ila pengo la katikati limesogea kiasi cha unene wa kifungo. Nilikaa nikiangalia vitu viwili vyenye saizi moja na visivyovaliana, na sikuelewa dunia hii ilivyopangwa. Nilihisi mjinga. Nilihisi pia kwamba kaka yangu yuko upande wa pili wa kile kipengo, na hilo ndilo lililoniuma.

Fundi alipopatikana kwenye simu nilimtumia picha. Nikamsikia anajikaza asicheke.

"Mama, vitu hivi havipimwe na futi. Miaka na miaka wanazitengeneza ukubwa mumoja."

"Kwa nini watengeneze saizi moja kama haziingiliani?"

"Kusema ukweli, na mimi sijawahi kujua."

Jibu hilo lilinituliza kuliko maelezo yake yote. Kumbe na yeye. Akasema nitafute mtu wa kurudisha prosesa na memori Kinshasa. Nikamwambia hapana, baba mdogo amezibeba ndani ya kitabu cha dua, haziendi popote. Kitakachobadilika ni ubao. Akafikiri, akaniomba nimsomee maandishi madogo yaliyochapwa juu ya kila kimoja, herufi kwa herufi. Kisha akasema nina bahati ya ajabu, maana hizo mbili ni za kizazi kimoja, na kwenye rafu ya duka lake kuna kartimeri ya kizazi hicho, iliyotolewa kwenye kompyuta ya ofisi iliyokufa kwa radi. Ubao ulipona. Mke wake akanifungulia duka, tukafanya mabadilishano, ubao kwa ubao, na vilivyobaki, sanduku, feni, diski na kioo, nikavinunua humo humo.

Niliiunda Jumamosi, simu imeegemea kopo la nyuzi, fundi akiniongoza. Prosesa ikalala kitandani bila kelele. Nilipobonyeza swichi feni zikazunguka, na mimi nikaondoa mkono haraka kwa hofu kwamba nimeharibu kitu.

Kesho yake Jumapili, jua likiwa katikati ya bati, niliingia kwa mtandao wa simu yangu. Wifi alikuwa amenipa jina la kuingilia na njia yote. Kwenye kioo ulikuwa msitu. Picha ilikatikakatika, miti ikija kwa awamu, na mimi mwenyewe nilikuwa kijitu chenye shoka nisichojua kukitembeza. Halafu nikamsikia. Kaka yangu, anacheka. Alikuwa na wenzake watatu, watu wa kwetu waliotawanyika, wanaongea Kiswahili chetu hiki hiki, wanajenga nyumba ya miti.

"Karibu, mugeni," akasema. "Uko wa wapi?"

"Kindu."

Kijitu chake kikageuka kunitazama.

"Mudogo?"

"Ndiyo, yaya. Nimeona unawapa wenzako saa tatu, nikasema nije kuzifuata huku huku."

Akacheka tena, cheko fupi la mtu aliyekamatwa. Akanionyesha vitufe. Nilitumbukia mtoni mara mbili, nikakata mti ukaniangukia, wenzake wakanitania na mimi nikawajibu. Kisha giza likaingia kwenye mchezo, wanyama wakaanza kuzunguka. Kijitu cha kaka kikaja mbio, kikasimama mbele yangu nyuma ya gogo.

"Inama hapa. Usiseme."

"Kwa nini nisiseme? Wanyama wa kompyuta wana masikio?"

Wenzake walimwita, akawaambia waendelee mbele. Aliporudi kuongea, sauti yake ilikuwa nyingine.

Akaniambia nilikuwa na miaka minne, yeye kumi na tatu. Tulikuwa njiani kwenda Tunda, kwa wazazi wa mama. Watu wenye bunduki walipita kwenye njia, sisi tuko majanini hatua chache tu, na mimi nilikuwa nalia. Mama akamwambia anizibe. Akaniziba mdomo, na kwa sababu mkono wake ulikuwa mkubwa na uso wangu mdogo, akaniziba na pua. Walipopita, nilikuwa nimelegea mikononi mwake. Mama alinipulizia mdomoni muda mrefu. Hawakuwahi kuniambia.

"Nikisikia sauti yako kwenye simu," akasema, "mukono wangu unakumbuka. Sijui niseme nini tena. Nilikubana sana?"

Mimi sikumbuki njia hiyo, sikumbuki majani, sikumbuki mkono. Nilitafuta ndani yangu nikakosa. Machozi yalinitoka kwa kitu nisichokuwa nacho.

"Yaya," nikamwambia, "mimi niko nasema. Unanisikia? Tangu siku ile sijanyamaza hata siku moja. Uliza mutu yeyote wa Mikelenge."

Hakucheka. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Basi sema," akasema.

Nikasema. Nilisema chochote kilichokuja, mpaka jua likaondoka juu ya bati na kompyuta ikazimika yenyewe. Simu yangu ililia kabla sijasimama. Alikuwa yeye.