Msimu Uliokataa Kwisha

Ijumaa ile baada ya Sikukuu ya Shukrani, watu wa nyumba nyingine walipokuwa wanakula mabaki ya bata mzinga, Corinne Baudhuin alikuwa kwenye ukumbi wa parokia akimenya karoti za mechi ambayo alikuwa amemwomba Mungu isichezwe.

Aliomba kweli. Jumamosi iliyotangulia, timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Mtakatifu Odilo ilipokuwa ugenini, alikaa jikoni na redio, rozari mkononi, na kwa kila fumbo alilolipita alimsihi Mama Maria wavulana wale wafungwe. Asiumie hata mmoja, wafungwe tu, warudi makwao salama, msimu uishe. Walishinda. Mtaa mzima ulipiga honi, na Corinne akasimama dirishani akawapungia watu mkono huku anatabasamu. Sasa timu ilikuwa imepata mechi ya mtoano nyumbani, na mechi ya nyumbani haichezwi bila buya.

Buya ni supu nzito ya watu wa upande huu wa Wisconsin: kuku wazee, mikia ya ng'ombe, kabichi, karoti, viazi na njegere, vyote kwenye sufuria ya chuma ambayo mtu mzima anaweza kuoga ndani yake. Moto huwashwa kabla hapajapambazuka, na supu hukorogwa mpaka nyama iachane na mfupa yenyewe. Kwa miaka mingi sufuria ya nyuma ya majukwaa ya Odilo ilikuwa ya mumewe, Norb, Mungu amlaze pema. Norb alikuwa dereva wa lori la maziwa. Hakusoma chuoni pale, wala Corinne hakusoma, wala karibu wote waliosimama kuuzunguka ule moto. Lakini wanafunzi hukaa miaka yao wakaondoka, na wenye mji hubaki. Chuo kilikuwa chao.

Corinne mwenyewe alikuwa binti wa mfugaji, akaolewa na Norb akiwa msichana, akafanya kazi kwenye kiwanda cha jibini mpaka magoti yakakataa. Katika ndoa yake yote hakuwahi kuona mechi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mechi aliisikia. Akiwa ameinamia beseni la mabakuli, alijua kwa mngurumo tu kama ni wetu wamevuka mstari au ni wao.

Mwiko wa sufuria ile, mrefu kama kasia, una sheria yake. Anayeushika ndiye mwenye moto. Hauazimwi. Norb akibanwa na haja aliulaza juu ya sufuria, na hakuna aliyethubutu kuugusa. Ulikuwa utani wa mji kwamba Odilo haijawahi kuwa na mchezaji anayekimbia kama Norb akirudi kutoka msalani. Na mwenye mwiko akimkabidhi mwingine, ameutoa moja kwa moja. Mzee Delvaux, aliyempa Norb, aliendelea kuja kila mechi mpaka kifo chake, na hakuna siku aliyosema hata kwamba chumvi imepungua.

Mwezi Agosti, Norb akiwa sebuleni kwenye kitanda cha wagonjwa, saratani imemla mpaka amebaki macho na mikono, aliwaita rafiki zake. Mbele yao akamwekea Corinne mwiko mapajani.

"Shika," alisema. "Usiache moto uzimike mpaka msimu uishe."

"Sawa, mpenzi wangu," Corinne alijibu. Angesema nini?

Alidhani anajua msimu unaisha lini. Odilo hawakuwa wameingia mtoano tangu binti yake, Denise, akiwa shule ya msingi. Denise sasa yuko Oregon, amepita miaka arobaini, mimba mbili zimeharibika na ya tatu imefika. Daktari amepanga kumpasua Jumatatu ili amtoe mtoto. Corinne alikuwa amekata tiketi ya kutangulia mapema, akaja kuibadilisha, akaibadilisha tena. Iliyobaki ilikuwa ya Jumamosi mchana, saa zilezile za mechi. Jumapili ndege zote zimejaa watu wanaorudi makwao kutoka kwenye sikukuu.

"Usijali, mama, tutakuwa sawa," Denise alisema kwenye simu. Katika familia ile, mtu aliye sawa hasemi hivyo.

"Unamenya au unachonga sanamu?" aliuliza Marge Destree pale ukumbini. Marge ni rafiki yake tangu komunyo ya kwanza, na ndiye pekee aliyejua habari ya tiketi. Akasogeza kiti, akashusha sauti. "Mwambie Leroy. Mwambie leo."

"Leroy alikuwa kando ya kitanda, Marge. Alisikia nikiahidi."

"Na mimi watu walinisikia nikiapa kumtii mume wangu. Mbona nipo hapa na yeye yuko nyumbani anaosha vyombo?"

"Kiapo chako kilikuwa kwa mtu mzima wa afya. Unaweza kugombana naye."

Marge akachukua karoti, akaanza kumenya naye.

Padri Vandenack aliingia amevaa kofia ya sufu ya rangi za Odilo, akaanza kusalimia meza hadi meza. Corinne alimvuta pembeni, karibu na magunia ya viazi.

"Padri, wiki iliyopita niliomba wafungwe."

Padri akavua kofia. "Odilo?"

"Ndiyo."

"Usirudie, mwanangu." Alipoona hacheki, akaacha utani. "Kuna nini, Corinne?"

"Nataka kujua. Ahadi uliyompa mtu aliyekufa, inakufunga mpaka wapi?"

Padri alifungua mdomo, na wakati huohuo mtu akamwita kutoka mlangoni: kasisi wa timu ya wageni amefika, anaulizia alale wapi. "Hilo si la kujibu nikiwa nimesimama," alisema, akamshika bega. "Tuongee baada ya mechi. Sawa?"

Baada ya mechi. Kila mtu alikuwa na neno hilo mdomoni wiki nzima.

Kisha akaja Leroy Lampereur mwenyewe. Leroy ndiye mtu wa kuni. Tangu ujana wake alipasua kuni za Norb, akazipanga, akazichochea, na hakuna aliyemsikia akiomba kazi nyingine. Nyuma yake walikuwa wanaume wawili wamebeba turubai jipya lililokunjwa.

"Shemeji! Fumba macho."

"Leroy, nina kisu mkononi."

"Basi fumba jicho moja."

Walilikunjua katikati ya ukumbi. Kwa herufi nyekundu kubwa kama mtoto wa kidato cha kwanza liliandikwa: KWA NORB, MPAKA UBINGWA. Watu walipiga makofi. Wengine walifuta macho. Corinne aliweka kisu chini, akashika kifua kama mtu aliyezidiwa na furaha, na kweli alikuwa amezidiwa, kwa sababu pumzi haikuja.

"Ni zuri mno," alisema alipoweza. "Ubingwa wenyewe ni lini?"

"Karibu na Krismasi!" Leroy alijibu, uso unang'aa. "Norb angefurahi, eh?"

"Angefurahi," alisema Corinne. Akaokota karoti nyingine.

Jumamosi ilikuja na theluji. Wanafunzi walikuwa kwao kwa likizo, kwa hiyo chuo kiliwaomba wenye mji waje na makoleo yao. Wazee, akina mama, hata bibi wa duka la maua, walipanda majukwaani kusafisha viti ambavyo wangevikalia wenyewe. Corinne hakuinua kichwa. Alikuwa chini ya turubai jipya, moshi machoni, anakoroga. Sanduku lake lilikuwa kwenye buti la gari la Marge. Alilitia humo alfajiri bila kuamua lolote, kama mtu anayebeba mwavuli.

Kila Marge alipopita na ndoo ya vitunguu alisema jambo lilelile bila kumtazama. "Gari lina mafuta."

"Nimesikia."

"Nasema tu."

Mashabiki wa wageni walifika kutoka Ohio, wamejifunika kijani. Mmoja wao, mwanamume mnene mwenye ndevu, alichungulia sufuria.

"Hii ni supu au mnafua jezi?"

"Onja kwanza," Leroy alimjibu. "Utalia njia nzima mpaka Ohio."

"Nitalia tukiwafunga, kwa huruma."

"Bwana, kwa tumbo hilo, wewe funga kamba za viatu vyako kwanza, tuone kama unazifikia."

Watu walicheka, hata yule wa Ohio. Corinne alitazama saa iliyo juu ya lango. Kama ataondoka, ni sasa hivi, buya ikiiva, kabla timu hazijatoka. Akikaa mpaka kipenga cha mwisho, ndege imekwenda. Na wakishinda, Jumamosi ijayo atakuwa hapahapa, na Denise atakuwa amepasuliwa bila mama wala baba.

Supu iliiva. Foleni ilikuwa ndefu mpaka barabarani, bakuli mkononi, mvuke midomoni. Padri Vandenack aliibariki, kisha akamgeukia Leroy. "Na sala ya marehemu? Tutaisali leo?"

Kila mwaka, kwenye mechi ya mwisho ya nyumbani, mwenye mwiko huvua kofia na kuwataja wale wa pale motoni waliofariki tangu msimu uliopita. Hakuna anayekula kabla ya hapo. Mwaka huu, mechi ya mwisho ya ligi ilipofika, Leroy alisema wangoje, kwa kuwa msimu bado. Corinne alikubali. Alikuwa amechoka, na ilikuwa nafuu kutolitaja jina lile.

"Hapana, Padri," Leroy alisema. "Hatusali leo. Tukisali leo ni kama tunakiri kwamba hii ndiyo ya mwisho. Tutajitia nuksi. Tutasali siku tukifungwa."

"Na msipofungwa?"

"Basi tutasali tukiwa na kombe mkononi!"

Watu wakashangilia. Mwiko ulisimama.

"Leroy," alisema Corinne. "Norb alikufa lini?"

"Shemeji..."

"Nakuuliza."

Leroy aliangalia theluji miguuni pake. "Agosti."

"Agosti. Mume wangu anangoja sala ya rafiki zake tangu Agosti, na atazidi kungoja kwa sababu ya mpira?"

Hakuwa amepaza sauti, lakini foleni nzima ilikuwa imegeuka kumtazama, hata wale wa kijani. Na ndipo Corinne mwenyewe alipoelewa alichokisema. Wiki zote hizo alikuwa anahudumia moto wa mtu kana kwamba ametoka tu kidogo na atarudi. Wote walikuwa hivyo. Maadamu timu inashinda, Norb hakuwa amekufa sawasawa.

Akavua kofia. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimelala kwa jasho. Akafanya ishara ya msalaba.

"Eugene Jadin," alisema. "Patsy LeMense." Hapo alisimama. Marge alipiga hatua moja kumjia, akajizuia. "Norbert Baudhuin. Raha ya milele uwape, ee Bwana."

"Na mwanga wa milele uwaangazie," watu walijibu, kofia mikononi. Sauti ya Leroy ilichelewa, ikaja peke yake baada ya nyingine.

"Wapumzike kwa amani."

"Amina."

"Tumekwisha," mtu alinong'ona nyuma. "Tumejiroga wenyewe."

"Nyie bado," Corinne alisema. "Wenu endeleeni nao. Msimu wangu mimi umeisha." Akauchomoa mwiko kwenye supu, akamnyooshea Leroy.

Leroy aliweka mikono mgongoni kama mtoto anayekataa dawa. "Mimi ni mtu wa kuni."

"Shika."

"Sijui hata kipimo cha chumvi, shemeji."

"Norb naye hakukijua. Nilikuwa namkonyeza."

Kicheko kilipasuka, kikafa mara moja. Leroy alikuwa analia waziwazi. "Ukinipa mimi, hautarudi kwa akina Baudhuin. Unajua hivyo?"

"Najua."

"Na ningekuuliza siku zote hizi kama unataka kuendelea..."

"Ningesema nataka. Shika, Leroy, supu inaungua."

Aliushika.

Corinne hakumuaga mtu yeyote. Alitembea kwenda maegeshoni bila kugeuka, aproni bado kiunoni, na ilimbidi Marge akimbie ili amfungulie mlango. Hakujisikia huru. Alijisikia kama mtu aliyesahau mtoto sokoni. Mikono yake, iliyonuka moshi, haikujua pa kukaa; aliiweka mapajani, akaiondoa, akaikalia.

Walipopita ghala la mwisho la mahindi alimpigia Denise.

"Mama? Mechi imeisha mapema?"

"Haijaanza."

"Uko wapi?"

"Barabarani. Nafika leo usiku. Mwambie mumeo asilale, anipokee."

"Mama, haikuwa lazima, ningekuwa..." Denise hakuimaliza. Corinne alisikia pumzi yake ikikatika, kama zamani alipokuwa akiamka na ndoto mbaya na hataki kukubali kwamba ameogopa.

"Sema, mwanangu."

"Naogopa. Naogopa sana, na baba hayupo."

"Hayupo," alisema Corinne. "Mimi nipo."

Hakuna aliyekata simu. Marge, ambaye redio yake haijawahi kuzimwa siku ya mechi, aliizima, akakaza macho barabarani, na wakaenda hivyo mpaka uwanja wa ndege, Denise akipumua sikioni mwa mama yake.