Tumbawe Dirishani

Juzi, kwenye dirisha la dawa la hospitali moja Chake Chake, mvuvi wa makamo alitoa kikapuni tumbawe linalotona maji.

“Mwanangu, nisagie hili. Redioni wamesema matumbawe yana dawa ya saratani. Mke wangu keshaacha kula.”

Mfamasia alilipokea kwa mikono miwili. “Mzee wangu, hayo ni ya bahari za baridi, na bado yanachunguzwa. Hili usimpe, litamdhuru. Mlete mwenyewe apimwe.”

“Anaogopa kuambiwa.”

“Na wewe?”

Mvuvi alijifuta uso kwa ncha ya shati. “Mimi zaidi.”

Akaliacha tumbawe, akaenda kumchukua mkewe.

Mimi niliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, kipindi hicho cha redio nilikisikia pia. Redio ilisema “huenda”, yeye akasikia “ipo”. Ningekuwa na mgonjwa nyumbani, nami ningesikia hivyo hivyo.