Ndimu ya Safari ya Bagamoyo

Kila nikikata ndimu jikoni kwangu hapa Tegeta na ile harufu ikanipanda puani, naweka kisu chini kwanza.

Utotoni nilikuwaga natapika kwenye gari, kwa hiyo mama hakusafiri nami bila ndimu. Alikuwa akilikwaruza ganda kwa ukucha, kisha ananipa ninuse. Siku ile baba aliazima gari la rafiki yake atupeleke Bagamoyo, mji wa kwao mama. Hata hatujafika mbali, tumbo likaanza kunichafuka.

"Mama, ndimu yangu."

Mama alikuwa ameegemeza kichwa dirishani, ndimu ameishikilia puani kwa mikono yake miwili iliyokonda. "Niachie kidogo, mwanangu," alisema. Mie nikanuna.

Tulisimama mbele ya nyumba ya mawe, mlango wake wa nakshi umepauka na majani yameota ukutani.

"Hapo ndipo nilipozaliwa," mama alisema.

"Shuka basi ukaone ndani," baba alimwambia kwa upole. "Nitakushika."

"Naonea hapa hapa. Inatosha."

Aliitazama muda mrefu. Kisha akanifumbua kiganja, akaniwekea ile ndimu. Ilikuwa imepata joto la mikono yake, na ganda lote limejaa alama za kucha.

"Kaa nayo wewe," alisema. "Mie safari zangu zimeisha."

Nilifurahi. Njia nzima ya kurudi niliinusa peke yangu, wala sikumpa hata mara moja.