Kifungo Kilichokatwa kwa Makasi

Wiki nzima sikulala vizuri kwa sababu ya barua ya mhariri. Nilikuwa nimempelekea hadithi ya mapenzi, kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo kikuu, naye akajibu kwa mistari miwili: wapenzi wangu wanachelewa mno, waambiane wanapendana ukurasa wa kwanza, la sivyo hachapi. Je, kama anasema kweli? Na kama hasemi kweli, mimi ni nani wa kumbishia? Nikaandika upya alivyotaka, nikaichukia, nikafunga safari kwenda Kericho kwa nyanya yangu. Hadithi ile haikuwa yangu hasa. Niliipata kwenye foleni ya mizani.

Kama ulikulia kwenye mashamba ya chai miaka ya hamsini, unaijua foleni ile. Nikitoka shule nilikwenda kumsaidia Kogo, ndivyo tunavyoita nyanya, kubeba kikapu. Mvua ya mchana ilikuwa imekwisha kupita, wanawake wamejifunga magunia kiunoni, vidole vyeusi kwa utomvu, wakingoja karani apime majani. Mbele yetu alisimama jirani yetu wa laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, mama aliyetoka Mkoa wa Kati. Alisimulia akiwa foleni tu. Akifika mizani, alifunga mdomo hadi kesho.

Alisimulia habari za fundi cherehani na binti aliyemletea gauni lililokosa kifungo cha kola. Barazani palikuwa na kiti kimoja, cha fundi, kwa hiyo binti alishonewa akiwa amelivaa, amesimama. Wiki iliyofuata kifungo kilitoka tena. Fundi aliutazama uzi, akaona haukuchakaa. Ulikatwa kwa makasi. Alitia uzi mpya sindanoni. Alishona.

Miezi miwili tukawa hapo hapo!

"Amemwambia?" niliuliza kila siku.

"Bado."

"Kwani huyo fundi ni bubu?" Kogo alifoka.

"Mama, wewe umewahi kushonewa kola na mtu unayempenda, pumzi yako ikamgusa mkono? Ungesema nini?" jirani alimjibu.

Foleni nzima ilicheka, na Kogo akajifunika uso kwa leso.

Ndipo tulipoanza ujinga wetu. Ili foleni ichelewe, tuliwaachia wengine watupite. "Pita, dada, pita tu." Siku moja tulipitwa na nusu ya shamba. Tulipofika mizani, nyapara alitia mkono kikapuni akautoa upesi.

"Haya yamechemka! Mwaga!"

Majani ya kutwa nzima, yaliyoshindiliwa hadi yakapata moto na kuwa mekundu, yalimwagwa matopeni. Kogo alimtukana fundi cherehani njia nzima, kana kwamba ndiye aliyeyamwaga. Kesho yake alikuwa nyuma ya jirani, akiwapisha watu.

Halafu ikafika jioni ambayo binti alikuja barazani na vifungo vyote vimekaa mahali pake. Jirani alifika mizani, akanyamaza. Asubuhi watu wa kwao walipakiwa malorini, kwa amri za Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni, warudishwe walikotoka. Alitupungia mkono kutoka juu. Nina aibu kukumbuka kwamba nililia kwa ajili ya binti, sikulia kwa ajili yake.

Safari hii Kogo alinimiminia mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu, nami nikamsomea hadithi kama mhariri alivyoagiza. Aliniacha nimalize ukurasa mmoja.

"Ameshamwambia anampenda?"

"Ndiyo, Kogo."

"Basi vifungo vya nini?"

Nilizikunja karatasi.

"Huko chuoni walikufundisha kukimbia? Mimi nilimwagiwa majani yangu nikingoja. Huyo fundi wako mzungumzaji nisingemngoja hata kidogo."

Laini za zamani zimebomolewa, na jirani hakuna ajuaye aliko. Mwisho wa hadithi yake siujui, na inaniudhi hadi leo. Lakini kule kuudhika ndiko kulikotuweka foleni.

Nilizichana karatasi mpya, nikazirudisha zile za kwanza, na kwa mara ya kwanza nikathubutu kuandika mwisho wangu. Binti anaingia na vifungo vyake vyote. Fundi anavihesabu kwa macho, anasimama, anampa kiti chake.

Asubuhi nilimtumia mhariri hadithi hiyo, bila barua, kutoka posta ya Kericho.