Bibi Chole Ukutani Mirihi

Mchana Itzel Barrientos alipaka watu rangi za nywele saluni, San Antonio. Jioni alichora katuni. Kitabu cha hadithi za Walatino wa siku zijazo kilipompa kurasa nne, akawapeleka Wachikano, Wamarekani wenzake wa asili ya Meksiko, Mirihi kwa chombo chenye makelele kama magari ya wajomba zake. Ndani akachora madhabahu ya Siku ya Wafu: maua, mishumaa, na picha ya bibi yake, Chole.

Bibi Chole alikuwa hai, anatafuna tamale, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda.

"We mtoto, una wazimu? Picha ya mzima haiwekwi kwa marehemu!"

"Bibi, huo ni mwaka 2190. Ulitaka uwepo bado?"

"Ndiyo! Kwani huko Mirihi hakuna hospitali?"

Itzel alicheka. Lakini tangu siku hiyo bibi akawa anaitikia hewa: "Abee, mama!" Mama yake bibi alizikwa kabla Itzel hajazaliwa. Kisha akaacha kula. Itzel akaogopa, akaifuta ile sura kwa wino mweupe kabla kitabu hakijaenda kuchapwa.

"Usiiache fremu tupu," bibi akaonya. "Ataingia mtu."

Kwa haraka Itzel akachora uso uliokuwa karibu, wake mwenyewe, kwenye kioo chake cha kuigia nyuso. Palepale bibi akaomba tamale.

Bibi alikuwa mezani, mdomo umejaa, sauti tamu ilipoita kutoka jikoni kusikokuwa na mtu: "Itzel, njoo mwanangu."

Bibi akaacha kutafuna. "Usiitike," akanong'ona.

Itzel alikuwa ameshaitika.