Naacha Kazi kwa Sababu Sijapewa Kazi

Mdogo wangu alipotimiza miaka ishirini na mbili, ukoo mzima uligundua kwa mpigo kwamba wote ni mabingwa wa mambo ya ajira. Zamani walikuwa mabingwa wa tiba. Alipokuwa mtoto, hasemi na wageni, anaziba masikio kengele ya shule ikilia, anashinda analia akibadilishiwa kikombe, shangazi alisema ni jeuri, mwalimu akasema ni ukaidi, na jirani, ambaye hakuulizwa na mtu, akasema ni kudekezwa. Daktari ndiye aliyetuambia kwamba ana usonji. Lakini huyo alikuwa amesomea tu. Hakuwa na uzoefu wa jirani.

Nyumbani tunamwita Bi Dakika. Ukimwambia unakuja sasa hivi, atakuuliza sasa hivi ni dakika ngapi, na atasubiri jibu.

Mjomba, mwenye sifa ya kujua watu, alimtafutia kazi kwa rafiki yake mwenye duka la samani. Kazi yenyewe ilikuwa mapokezi. Fikiria hekima hiyo: mtu asiyependa kelele, wageni, wala simu, tukamkalisha mahali palipojaa wageni wenye kelele wanaopiga simu. Mimi kaka yake niliunga mkono. Nilisema atachangamka.

Siku ya pili alikuja mteja aliyekuwa anasumbukia kabati lake kwa mwezi wa tatu sasa. Akauliza kama bosi yupo. Bi Dakika akamjibu kwa adabu kwamba yupo, amelala, na kwa kawaida huamka saa nane na robo. Akamvutia kiti. Na waliofuata pia akawavutia viti. Bosi alipofungua mlango huku akijinyoosha, alikuta watu wanne wamekaa kwa mstari wanamtazama. Simu ya ofisi ilikutwa ndani ya droo, imeviringishwa sweta. Kabla ya saa tisa mjomba alikuwa ameshaambiwa aje amchukue mtu wake.

Baadaye kampuni moja kubwa ilitangaza kwamba inawajali watu kama yeye. Ilijali kwa mabango, kwa fulana na kwa hotuba. Bi Dakika akaajiriwa kuwa Afisa Msaidizi wa Ujumuishi, cheo kirefu kuliko meza waliyompa. Siku ya kwanza alipigwa picha na wakurugenzi. Siku ya pili alimwendea msimamizi wake akauliza kazi yake ni ipi. Kuuliza si ujinga, tunaambiwa, ila jaribu kuuliza ofisini. Msimamizi alicheka kwa upendo, akamwambia akae tu, asijisumbue.

Akakaa. Kila asubuhi aliuliza, na kila asubuhi alipendwa na kuambiwa akae. Wiki ya tano alianza kurudi nyumbani akijing'ata mkono. Mama aliona alama, tukamwambia avumilie, mvumilivu hula mbivu. Wiki ya kumi na moja aliandika barua, akaipeleka mwenyewe kwa msimamizi, akanionyesha nakala. Ilikuwa na sentensi moja: "Naacha kazi kwa sababu sijapewa kazi."

Nyumbani tulimkalia kikao. Shangazi alisema ni laana kuchezea riziki. Mimi nilijifanya mwenye busara.

"Watu wanalilia nafasi kama hiyo," nikamwambia.

"Ya kukaa?"



Miezi minne ikapita, yeye yuko nyumbani, sisi tukimwonea huruma kwa zamu. Kisha mama akalazwa kufanyiwa upasuaji wa ngiri. Bi Dakika alikuja nami kumwona saa za wagonjwa kutazamwa. Hakumuuliza mama hali. Alitazama shuka, akaona tundu, akaenda kwenye kabati la wodi kutafuta shuka jingine. Niliporudi kutoka kununua maji, nilimkuta amelishusha kabati lote. Mashuka yamekunjwa upya, kona kwa kona, na pembeni kuna rundo aliloliweka peke yake. Muuguzi alikuwa anamfokea, naye amebana sikio moja begani huku mikono inaendelea kukunja.

Nilianza kuomba radhi. Katika hilo nina kipaji. Wakati huo akaingia mama mmoja mnene, mikono imeungua hapa na pale kwa pasi, amekuja kuchukua mashuka machafu. Alikuwa mkuu wa chumba cha kufulia, na hospitali nzima wanamwita Mama Dobi. Alitazama kabati, akatazama rundo.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," akasema Bi Dakika bila kumtazama. "Haya kumi na moja yana matundu. Foronya hii ina sindano."

Mama Dobi aliipapasa foronya, akaichomoa sindano, akamwonyesha muuguzi. Muuguzi akakumbuka ana shughuli kwingine. Kisha Mama Dobi akahesabu rundo. Yalikuwa kumi na moja.

"Kesho unaweza kuja saa ngapi?"

"Saa moja kamili."

"Njoo. Utajaribu mwezi mmoja."

Hakukuwa na hotuba wala fulana. Mama Dobi hakuwahi kuhudhuria semina hata moja juu ya watu kama mdogo wangu, na labda ndiyo sababu alimwona.

Msidhani mambo yalinyooka. Siku hiyo ya kwanza, saa nne, nilipigiwa simu. Mashine tatu za kufulia zilikuwa zinazunguka pamoja, na Bi Dakika alikuwa chini ya meza, amejikunja, anatikisika. Nilishavaa viatu kwenda kumchukua, maneno ya radhi yako mdomoni. Kumbe Mama Dobi hakupiga ili nimchukue.

"Ni kelele au ni watu?" akaniuliza.

Nikamwambia ni kelele.

"Haya," akasema, akakata.

Alikwenda kuazima vifuniko vya masikio kwa fundi wa jenereta, akaviweka sakafuni karibu na meza, akarudi kupiga pasi. Baada ya nusu saa Bi Dakika alitoka amevivaa. Mimi miaka ishirini na mbili nilikuwa namwambia azoee.

Kesho yake Mama Dobi alitundika ubao ukutani, akaandika kazi za siku kwa mpangilio, na likibadilika jambo anamwambia kabla. Wafuaji wengine walinung'unika kwamba mgeni anapendelewa. Baada ya wiki mbili walikuwa wakikimbilia ubao huohuo kuthibitisha kwamba leo si zamu yao ya kusugua sakafu.

Kazi aliyoishika ni ya vitambaa vya upasuaji, vile vya kijani anavyofunikwa mgonjwa. Anakiinua kimoja kimoja mbele ya taa, anakigeuza, anatafuta tundu. Mwezi wake wa tatu kazini vilivyokataliwa vikawa vingi, na meneja wa hospitali akashuka mwenyewe na tai yake. Akaeleza kwamba vitambaa vimepungua, na kwamba matundu mengine ni madogo mno, yanaweza kupita. Mama Dobi akamwambia aongee na mhusika.

Bi Dakika alivua vifuniko, akachukua kalamu.

"Vijidudu vinapita kwenye tundu la ukubwa gani? Niandike."

Hakuwa anamkejeli; ukoo wetu kejeli tuliigawana sisi wengine, yeye hakubakishiwa. Alitaka kipimo. Meneja alisema atafuatilia. Wiki nzima Mama Dobi aligoma kutoa kilichokataliwa, upasuaji usio wa haraka ukasogezwa, madaktari wakauliza sababu, na vitambaa vipya vikapatikana. Meneja akasifiwa kikaoni kwa kujali usalama wa wagonjwa.

Sasa ni mwaka wa nne. Hajapona, kwa sababu haumwi. Likizo anaichukia, mwaka jana siku yake ya kwanza alikutwa mlangoni saa moja kamili, na Mama Dobi akalazimika kumwandikia ratiba ya kupumzika. Bado kuna siku anarudi na alama mkononi, na wafanyakazi wawili hawamsalimii. Yeye hajagundua, au hajali.

Juzi nilimpitia jioni. Tukiwa njiani nikamuuliza, kama wanavyouliza watu waliosoma, kama kazi inampa furaha. 

"Nimechoka," akasema. "Leo ni vitambaa mia mbili na sita. Nimekataa tisa."

Nikataka kumpa pole. Nikamtazama usoni, nikaona si sura ya kupewa pole, tukaendelea kutembea.