Mstari wa Kaka Nassor

Siku ile niliyotaka kumpokonya kaka yangu ukubwa wake kwa ushahidi wa daftari la mieleka haijanitoka, mwanangu, na kila ninapoikumbuka huona haya peke yangu. Ilikuwa Ijumaa, hapa hapa Ibra, Oman, baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, karani wa serikali mwenye gari jipya na maneno mengi. Nilikaa mbele ya Shangazi Thureya, dada yake marehemu baba, nikamfungulia daftari na kumwambia asome mwenyewe.

Ngoja kwanza nikueleze daftari lenyewe lilitoka wapi, maana utadhani mzee ameanza kuchanganyikiwa.

Miaka ile madishi yalikuwa yameshaingia juu ya mapaa yetu, na stesheni moja ya michezo ilikuwa ikionyesha sumo, mieleka ya Kijapani. Shangazi alikuwa akikaa nami na tasbihi yake. Yeye alirudi kutoka Unguja miaka ya sabini na sanduku moja na cherehani, na wazazi wetu walipofariki akatulea sisi watatu: kaka Nassor, mimi, na Rayya kitinda mimba. Wakitokea wale mabonge na mikanda yao, alikuwa akijifunika uso kwa mtandio. "Astaghfirullah! Hawana mama hawa wa kuwashonea suruali?" Halafu, kabla sijamaliza kucheka, sauti ilikuwa ikitoka ndani ya mtandio: "Kashinda yupi?"

Mimi sikupenda sana yale mapigano. Nilichopenda ni hesabu zake. Kila msimu una siku kumi na tano, na mpiganaji wa daraja la juu hupambana mara moja kila siku. Akishinda mara nane amenusurika, akishinda saba huteremshwa daraja. Ushindi ni duara jeupe, kushindwa ni duara jeusi, na asiyetokea hupewa alama ya peke yake. Humo ndani mna vituko vya kila namna. Yupo aliyepigana zaidi ya miaka ishirini bila kukosa pambano hata moja. Yupo aliyeshinda leo, akashindwa kesho, akashinda keshokutwa, na kwenda hivyo hivyo mpaka msimu ukaisha. Yupo aliyeshindwa msimu baada ya msimu, na kila msimu mpya akafunga mkanda wake akarudi, na huyo nilikuwa nikimpenda kuliko mabingwa. Na wapo waliojipatia ushindi bila kumgusa mtu, kwa sababu mwenzao aliumia akabaki kitandani. Hao hupanda ulingoni peke yao, hutangazwa, na duara jeupe huandikwa. Asiyetokea huhesabiwa kama aliyeshindwa, basi.

Yote hayo nilikuwa nikiyaandika, na mpaka hapo hapakuwa na ubaya. Ubaya ulianza pale nilipogeuza ukurasa nikaandika majina ya jamaa zangu.

Unacheka? Cheka tu. Nilipiga mistari vizuri kwa rula: sikukuu, matanga, arubaini, watoto waliozaliwa, wagonjwa waliohitaji kutazamwa. Aliyekuja nilimpa duara jeupe. Ambaye hakuja nilimpa jeusi, kwa wino mzito. Sikutaka kumwonyesha mtu, nilijiambia nafanya mchezo tu. Lakini mchezo huo ulinifundisha kumtazama binamu yangu mlangoni nikaona duara badala ya kuona uso.

Mstari wa kaka Nassor ulianza mweupe mpaka ukapendeza. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Ndiye aliyekuwa akitupeleka hospitali, akitupeleka Sur kwa wakwe zake na Muscat kwa shughuli, na ndiye aliyenifundisha mimi kushika usukani. Alipohamishiwa kazi Nizwa bado alikuwa akija kila wiki ya pili, na mkewe Muna na fuko la ndimu. Kisha ghafla akaacha. Sikukuu mbili hakuonekana. Mjomba alifariki, hakuonekana. Nikipiga simu ananijibu, "Nina kazi, habibi, nitakuja inshaallah," na mara anakata. Sitaki kukudanganya, mwanangu: niliumia. Nilikuwa nampenda kaka yangu kama baba, na mtu unayempenda hivyo akikukwepa, uchungu wake haumezeki. Kwa hiyo nilikuwa nikiujaza ule mstari weusi, na kila duara jeusi lilinipa raha ndogo ya kijinga.

Basi Rayya akaposwa. Kijana wa Sur, mtu wa heshima, na siku ya milka, yaani ya kufunga ndoa, ikapangwa. Baba hayupo, kwa hiyo wa kumwozesha ni kaka. Sisi ni wa baba mmoja na mama mmoja, na kisheria yeyote kati yetu angeweza kuwa walii wake, lakini kwa desturi yetu mkubwa akiwa hai mdogo hasogei. Mimi nilisogea. Nilikwenda mbele ya wazee wa bwana harusi, walipokuja kwenye sabla yetu, ukumbi wa kupokelea wageni, kunywa kahawa, nikawaambia kwa sauti ya mtu mzima kwamba kaka yangu ameshughulika na dunia, na atakayemwozesha Rayya ni mimi. Wazee wakatazamana, wakasema kheri. Rayya aliposikia alijifungia chumbani. Ndipo nikamletea Shangazi daftari, nikiamini akiona hesabu atanipa haki yangu.

Alivaa miwani. Alikwenda taratibu kwa kidole juu ya mstari wa Nassor, duara kwa duara, mpaka mwisho.

"Haya meusi ndio nini?"

"Siku ambazo hakuja."

"Na kwa nini hakuja, umeandika wapi?"

"Sababu haiandikwi, Shangazi. Hata wale wa sumo, asiyetokea anahesabiwa kashindwa."

Akavua miwani. "Na yule bonge akivunjika goti, wanamwacha hivyo hivyo? Hapana mtu anayekwenda kumtazama?"

"Anatazamwa. Daktari lazima amwone, tena aandike cheti."

"Wallahi basi wale wasiovaa suruali wana adabu kukushinda wewe," akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mwaka mzima unamtia kaka yako wino. Umekwenda kumwona?"

Nilitaka kusema yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye wa kuja. Shangazi hakuningoja. Alikuwa ameshasimama anatafuta viatu vyake. "Khalas, washa gari."

Tulipita njia ya Sinaw. Mimi nilikuwa nimefura, nikipanga maneno makali nitakayomwambia mlangoni. Tulifika Nizwa baada ya alasiri. Kitu cha kwanza nilichokiona ni gari la kaka uani, limejaa vumbi, tairi mbili zimekwisha upepo. Nassor, ambaye alikuwa akilifuta gari lake kabla ya kunywa chai! Yale maneno yangu makali yakaanza kunitoka kichwani moja moja.

Mlango alifungua mwenyewe. Alisimama akitutazama, ila si kutazama kwenyewe. Nikasema, "Shikamoo, kaka," na hapo ndipo uso wake ulipofunguka. "Marahaba! Mbarak? Mbarak wewe?" Akanyoosha mkono kunisalimu, na mkono ule ukapita kando ya wangu.

Akatukaribisha ndani, akashika birika la kahawa. Muna alitaka kumpokea, akakataa. Nikamwona anatia ncha ya kidole ndani ya kikombe ili ajue kahawa imefika wapi. Alifanya kwa wepesi, kama mtu aliyekwisha zoea, akamtilia Shangazi kwanza, kisha mimi. Hakumwaga hata tone. Shangazi alikipokea kikombe kwa mikono miwili na machozi yanamchuruzika, wala hakuyafuta, kwa kuwa alijua hayaonekani.

"Tangu lini, mwanangu?" akamuuliza.

"Tangu kabla ya sikukuu ya mwaka jana. Presha ya macho. Daktari anasema kilichokwenda hakirudi, kilichobaki nitie dawa nikilinde."

"Na hukutwambia!"

"Ningesemaje, Shangazi? Mbarak aje kunichukua? Mimi ndiye niliyekuwa nikikuchukueni nyote." Akajaribu kucheka. "Nilimkataza Muna asiseme. Nilikuwa nangoja kidogo, nikifikiri labda nitazoea, nije siku moja msijue."

Nilikaa pale, mwanangu, na nikatamani ardhi ipasuke. Daftari nilikuwa nimelileta, nimeliacha ndani ya gari, kwa ajili ya kumwonyesha. Kaka akanigeukia, yaani akaigeukia sauti yangu ilipokuwa mara ya mwisho. "Nimesikia mdogo wetu kaposwa. Nani anamwozesha?"

Hapo ningeweza kusema uongo mzuri. Nilimwambia kweli. Nilimwambia nimekwisha sema ni mimi, na nimesema mbele ya watu.

Kikombe kilikuwa mkononi mwake, akakizungusha. "Umefanya sawa," akasema polepole. "Mimi hata sura ya bwana harusi sitaiona. Afadhali wewe." Na akasema bila hasira hata chembe. Kwa kweli angenipiga kofi ningeshukuru.

Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake, nikaushika mkono wake, nikamwambia sitamwozesha Rayya wakati yeye yu hai, na kwamba kuanzia siku ile macho yangu na gari langu ni vyake. Kulia nililia, sikufichi. Alinipapasa kichwa kama alivyokuwa akifanya nikiwa mtoto wa chuo cha Kurani, akaniambia, "Basi, basi, kahawa inapoa."

Asubuhi ya pili nilikwenda Sur peke yangu, nikakaa mbele ya wazee wale wale na kuwaambia kwamba nilisema nisiyoyajua juu ya kaka yangu. Aibu yake niliilipa nzima. Mzee wao akasema, "Tulikuwa tunangoja uje kusema hivyo."

Siku ya milka nilimfuata kaka Nizwa. Nilimfunga kilemba mimi mwenyewe. Ulipofika wakati wa kushikana mikono, niliusogeza kidogo mkono wake mpaka ukakutana na wa bwana harusi, na akayatamka maneno ya kumwozesha dada yetu kwa sauti iliyojaa sabla nzima. Baadaye akaniinamia sikioni: "Kijana ana uso gani?" Nikamwambia, "Ana uso wa mtu anayeogopa." Akacheka mpaka watu wakageuka. Rayya aliletewa habari ya kicheko kile upande wa wanawake, na anasema ndiyo zawadi aliyoipenda kuliko zote.

Mwanangu, sikuambii usipende hesabu. Sumo naitazama mpaka leo. Lakini nawaona nanyi mnavyohesabiana kwenye simu zenu: nani kasoma ujumbe asijibu, nani hakuweka pole kwenye kundi la familia, nani hajapiga tangu Ramadhani. Mnayo madaftari yasiyohitaji hata kalamu. Nasaha yangu ni hii. Ndugu yako akikosekana, usimkasirikie ukiwa umekaa kwako. Inuka uende ukamwone kwa macho yako, na ikiwa umekuta hana sababu yoyote, basi gombana naye hapo hapo, uso kwa uso, kisha mle pamoja. Wala usingoje kuitwa, maana anayehitaji sana kufuatwa ndiye anayeona haya kusema. Na siku ukiwa wewe ndiye unayejificha na maradhi yako ili usiwe mzigo, sikia pia: unatunyima sisi kazi tunayoitaka.

Mola akuhifadhi, mwanangu, akutie huruma kabla ya hasira. Na kila mlango wa nduguyo utakaokwenda kuubisha, akujaalie umkute hai, aijue sauti yako, akufungulie.